Yaliyosimuliwa Matangani

Mwanamke aliingia parselini, ndani ya ua, bila kubisha hodi, kwa kuwa nyumba yenye matanga haibishiwi hodi. Mabenchi yaliyoazimwa kanisani yalikuwa bado uani, chini ya turubai la buluu, na majivu ya moto wa jana yalikuwa hayajazolewa. Alikuwa na mtoto mgongoni na sandali za plastiki zilizojaa vumbi jekundu. Kahindo hakumfahamu, na hilo halikumshangaza. Tangu mdogo wake Kambale azikwe, nusu ya watu walioingia kwake, mtaa wa Ngezi, kumpa pole hakuwa akiwafahamu.

"Pole, mama," mwanamke akasema.

"Aksanti. Karibu, ikala."

Kahindo akamsogezea kiti, akamletea maji kwenye kikombe, akaketi mbele yake, akaanza. Ndivyo matanga yanavyoendeshwa. Anayekuja kulia ni lazima aambiwe jinsi ilivyokuwa, tangu mwanzo, na mwenye msiba ndiye anayemwambia. Kahindo alikuwa amekwisha kuwasimulia wanakwaya, wauza bitenge wenzake, wajomba waliotoka Butembo, na polisi pia. Sauti yake ilijua pa kushuka na pa kukatika.

"Ilikuwa muchana, mama. Kamio ya Aru ilikuwa imesimama mbele ya depo yetu, inashusha maharagi. Bwana yangu alikuwa angali kule Aru. Miye nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa meza yangu ya bitenge. Kambale alikuwa anagombana na Moïse, mutoto ya ndugu ya bwana yangu, ju ya ufunguo ya depo. Maneno ya vijana tu. Sasa, katikati ya babebaji, kulikuwa mutu moja, deplase, mukimbizi wa vita wa kutoka Bule. Hakuna mutu alimuita. Hakuna mutu alimutukana. Nilimuona anainua panga. Na macho yangu haya. Mukono ya kuume, hivi." Akauinua mkono. "Akamukata mutoto ya mama yangu hapa, mu shingo. Na alikuwa anacheka, mama. Alikuwa anacheka."

Hapo ndipo wageni walipokuwa wakianza kulia. Huyu hakulia. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hajanywa.

"Mama," akasema polepole, "na gunia ilikuwa wapi?"

"Gunia gani?"

"Ile alikuwa amebeba."

Kahindo akamtazama vizuri sasa. "Weye ni nani?"

"Naitwa Geneviève. Ule mutu wa kutoka Bule anaitwa Fulgence. Njo bwana yangu."

Fanny, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akisugua masufuria, aliinuka kama aliyechomwa. "Yesu! Ameingia mu matanga! Amekalia kiti yetu, anapewa maji yetu! Bana huruma gani bale batu?"

"Sikuje kugombana," Geneviève akasema. "Jana njo baliniacha nimuone, kule buloko, mu gereza. Iko na meno mbili tu mbele, ingine balivunja. Aliniambia neno moja: uliza ule mama wa bitenge, yeye aliona gunia."

"Toka," Kahindo akasema.

"Natoka, mama. Unijibu tu."

"Toka mu nyumba yangu!"

Fanny alimpokonya kikombe na kumwaga maji miguuni pake. Mtoto akaamka mgongoni, akaanza kulia. Geneviève akamtikisa mara mbili, akakunja midomo, akatoka njia aliyoingilia. Fanny alikisugua kile kikombe kwa jivu, akakisugua tena, kisha akakitupa jalalani.

Gunia lile Kahindo alilijua. Alikuwa amelipika.

Jioni ile ya kwanza, watu walipoanza kujaa uani na nyumbani hamna cha kuwapa, yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza lile gunia lililopasukia kando ya lori liletwe. Alichambua maharagwe yaliyochanganyika na vumbi, akayaosha maji baada ya maji mpaka maji yakaacha kuwa mekundu, akayaweka motoni. Wanakwaya walikula. Mchungaji alikula, akaomba aongezewe. Kahindo alijua kwamba gunia lilikuwa limepasuka chini, kwenye mshono, kama linavyopasuka gunia lililotupwa kutoka juu. Alijua lilikuwa palepale Kambale alipoangukia. Yote hayo aliyajua, na hakuwahi kujiuliza ni nani aliyelitupa.

Alasiri ile alijifungia jikoni akajaribu kusimulia tena, peke yake, taratibu, bila mgeni. Kila alipofika kwenye panga alisikia sauti ambayo haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya Fanny. Siku ile, Kahindo akiwa ameketi chini barabarani na damu ya ndugu yake kwenye kitenge, Fanny ndiye aliyefika wa kwanza, akauliza: "Ni ule deplase, si njo?" Naye akajibu ndiyo. Kwa nini asijibu ndiyo? Mtu yule alikuwa pale, kifua wazi, damu mpaka viwikoni, panga miguuni, vijana wa mtaa wamekwisha kumwangukia kwa mateke. Kisha mjomba mmoja akasema uani, huku akipewa chai, kwamba watu wa kule hawaendi hata chooni bila panga. Mtu akauliza, mkono gani? Kahindo akafikiri, akaona ni wa kuume, maana watu wengi ni wa kuume. Na kile kicheko? Kile kiliingia siku ya mazishi. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kama muuaji alikuwa amelewa au anacheka, Kahindo akafumba macho, akamwona anacheka. Kabla ya mazishi, uso ule haukuwa na kicheko.

Hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo linalochoma. Laiti wangaliketi wakapanga uongo, mmoja wao angaliona haya, mwingine angaliropoka, na mambo yangalijulikana. Lakini hawa walikuwa watu wema, walioleta mkaa na sukari, waliokesha wakiimba. Kila mmoja alitia kidogo alichokuwa nacho: huyu hofu yake, yule alichosikia redioni, yule alichoambiwa na baba yake juu ya watu wa upande ule. Wote hawakuwa wamemtazama mtu yule hata mara moja. Walikuwa wamemjua kabla hajaja. Alikuwa akingojewa tu, kama kiti kinavyongoja mtu, na siku alipoonekana na damu mwilini, walimkalisha.

Kesho yake Kahindo alikwenda depo. Lori jingine lilikuwa likishushwa, na wabebaji walikuwa wakipanda na kushuka kwenye ubao, kila mmoja na gunia limelala mabegani na nyuma ya shingo, mikono yote miwili imeinuliwa, imekamata masikio ya gunia. Kahindo alikuwa ameliona jambo hilo tangu alipoolewa. Alikuwa ameliona kama mtu anavyoona ukuta wa nyumba yake.

"David," akaita. "Simama."

David, mbebaji mwenye mabega mapana, mcheshi kuliko wote, akasimama na mzigo wake. "Mama patroni, nisimame? Hii ni kilo mia moja, si mutoto ya kubembeleza!"

"Usiishushe. Shika panga."

"Na mukono gani? Uniazime yako!"

Wabebaji wakacheka. Mwingine akapiga kelele kutoka juu ya lori: "Mupe na chupa ya bia, aishike na meno!"

"Shika, nimesema," Kahindo akasema. "Acha sikio moja."

David aliachia sikio la kuume. Gunia likainama papo hapo, likamvuta shingo, akapepesuka, akaliachia lote. Likaanguka kwa kishindo. Mshono wa chini ukapasuka, maharagwe yakamwagika mpaka kwenye viatu vya Kahindo.

Hakuna aliyecheka tena. David akapangusa jasho. Alikuwa ameelewa, na ilionekana kwamba alikuwa ameelewa zamani.

"Siye babebaji hatushikake panga, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Panga ni ya mwenye kukata kamba za turubai. Hiyo unajua."

"Na siku ile, mwenye kukata kamba alikuwa nani?"

David akainama, akaanza kukusanya maharagwe kwa viganja. "Niko na batoto, mama."

Kahindo akabaki amesimama palepale. Hakuona kitu kipya. Aliona kitu cha zamani kilichokuwa kimekaliwa na vingine: mikono miwili juu, vidole vimekamata masikio ya gunia, gunia linaruka kando, mikono ileile kwenye shingo ya Kambale, inasukuma shati ndani ya jeraha, na kinywa cha mtu yule kipo wazi. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaita watu. Alikuwa akiita msaada kwa lugha ya kwao, ambayo hakuna hata mmoja pale aliyeijua.

"Tantine! Jua hii yote, unafanya nini huku?"

Moïse alitokea upande wa nyuma ya lori, kipande cha kamba mkononi na panga jipya kwapani. Alikuwa kijana wa heshima. Baba yake alipofariki, Katsuva, mumewe Kahindo, alimchukua, akamsomesha, akampa kazi. Kwenye mazishi alibeba jeneza la Kambale upande wa kichwa. Matangani aliketi karibu na ami yake, na kila hadithi iliposimuliwa alitazama viatu vyake, na watu wakanong'ona: muone anavyoumia.

"Moïse. Siku ile, nani alikuwa anakata kamba?"

"Siku gani?"

"Unajua siku gani. Panga ilikuwa mu mukono ya nani?"

Kijana akamtazama. Akaizungusha ile kamba kwenye kiganja.

"Tantine, si weye njo uliona?"

"Nakuuliza weye."

"Kwa polisi, weye njo ulisema. Mu matanga, weye njo ulisema. Miye sikusema kitu. Ata siku moja. Uliza batu bote."

Na hiyo ilikuwa kweli. Kahindo akapitisha akilini siku zote za matanga, benchi baada ya benchi, akimtafuta Moïse akisema jambo lolote juu ya kifo kile, hakumpata. Hakuhitaji kusema. Walikuwa wamemsemea.

Alingoja mpaka Jumapili, baada ya ibada, mumewe alipokuwa amekwisha kunawa na bugali ipo mezani. Katsuva hakuwa mtu mbaya. Watu wa soko walimsifu kwa mizani yake. Nyumbani aliongea kidogo, alimwita mkewe Mama Ketsia kwa jina la binti yao, na hajawahi kumwinulia mkono.

Kahindo akamwambia yote, tangu gunia mpaka maneno ya Moïse. Katsuva akakaa na tonge mkononi, hakulitia kinywani.

"Ule mwanamuke wa Bule amekupatia nini?"

"Hajanipatia kitu. Alinipa swali."

"Mama Ketsia, ile ni damu ya ndugu yako. Unataka kuifuta?"

"Nataka kuijua."

"Inajulikana! Bote tuliona!" Sasa alikuwa amepandisha sauti. "Miye mwenyewe niliona panga inapanda, jua inangaa juu yake, nikapiga kelele: Kambale, kimbia! Mpaka leo ninaisikia hii masikioni."

"Papa Ketsia," Kahindo akasema. "Ulikuwa Aru."

"Nini?"

"Ulikuwa Aru. Miye njo nilikupigia simu. Ulifika kesho yake na moto, ile pikipiki ya kukodi, ukakuta maiti imekwisha kuoshwa. Ile kelele, miye njo niliipiga. Na ile jua juu ya panga, miye njo nilikuambia."

  Macho ya Katsuva yalikwenda ukutani, yakarudi kwenye sahani, yakawa kama ya mtu anayepapasa mfukoni akakuta mfuko umetoboka. Kwa muda mfupi sana Kahindo alifikiri mumewe atalia, na kwamba watakuwa wawili katika jambo hili. Lakini mwanamume aliyeaibishwa mezani kwake ana mlango mmoja tu ulio karibu, na Katsuva akauchukua.

"Ata kama!" Akapiga meza. "Ata kama sikukuwa! Moïse ni mutoto ya kaka yangu. Nilimuahidi kaka yangu akiwa anakufa. Sasa nimukamate nimuweke mu buloko, ju ya kutoa mutu ambaye ata sijui baba yake anaitwa nani?"

"Ule naye iko na baba."

"Unasahau bale ba upande ule balitufanyia nini? Batu bangapi balikatwa?"

"Fulgence naye alikimbia panga kule Bule. Ju ya ile njo alikuwa mu kambi, na mwanamuke na mutoto, analala chini ya plastiki. Alikimbia panga, akafika huku, siye tukamupa ingine mu mukono."

Katsuva akainuka, akaenda kunawa tena, ingawa hakuwa amekula.

"Ukisema ile maneno kule tribinali," akasema akiwa amempa mgongo, "usihesabu tena depo, wala meza, wala hii nyumba."

Siku ya kesi, chumba kilijaa mpaka madirishani. Jamaa ya Katsuva waliketi mbele, wamevaa kitenge kimoja walichoshonesha kwa ajili ya mazishi. Fulgence aliketi pembeni kati ya askari wawili, mwembamba kuliko Kahindo alivyomkumbuka, na Kahindo akajiuliza kama hata wembamba ule alikuwa anaukumbuka au ndio kwanza anauona. Nafasi ya Moïse ilikuwa wazi. Alikuwa amekwenda Aru, walisema, kupakia mzigo. Simu yake haikupatikana.

Hakimu aliongea Kifaransa, na mkalimani akageuza.

"Mama, kwa polisi ulisema uliona panga mu mukono ya huyu. Leo unasema hapana. Ulidanganya saa ile, ao unadanganya leo?"

"Saa ile sikudanganya. Leo pia sidanganye."

Chumba kikacheka. Kicheko cha watu wengi katika chumba cha bati ni kitu kibaya. Kilimpiga mgongoni kama changarawe.

"Basi ulifanya nini?"

"Nilisema ile nilikuwa nafikiri niliona. Niliisema kwa kila mutu alikuja kulia. Kila mara baliniuliza kitu, nikaongeza. Niliisema mpaka ikakuwa." Akashika ukingo wa meza. "Lakini mikono yake ilikuwa juu, yote mbili, inashika gunia. Aliitupa, akamukamata ndugu yangu. Alivua shati yake akafunga kidonda. Siye njo tulimupiga, anashika kidonda."

"Na panga ilikuwa na nani?"

Kahindo akatazama safu ya mbele. Katsuva alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ilikuwa na mwenye kukata kamba. Moïse."

Mama yake Moïse alipiga ukelele. Mtu akasema kwa sauti: "Amekula pesa ya bale!" Mwingine akasema amelogwa, maji yalimwagwa kwake kwa makusudi. Hivyo ndivyo kikombe cha maji aliyonyimwa mwanamke mwenye mtoto kilivyogeuka kuwa dawa aliyoileta yeye, papo hapo, mbele ya hakimu, na Kahindo akasikia watu wazima wakithibitisha kwamba waliiona. Fanny alikuwa miongoni mwao. Alisema maji yale yalikuwa na rangi.

Mwendesha mashtaka hakusimama hata. "Mama huyu ana kumbukumbu nzuri sana," akasema kwa Kifaransa. "Kila mara anayo mpya." Mkalimani akageuza hata hilo, na chumba kikacheka tena.

Hakimu akaahirisha kesi hadi Moïse apatikane. Fulgence atarudi gerezani kungoja. Alipopitishwa mlangoni alimtazama Kahindo. Hakutabasamu, hakutikisa kichwa. Kwa nini atikise? Meno yake hayakurudi.

Geneviève alikuwa amesimama nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kimelegea. Kahindo akamgusa paji la uso, akaondoa mkono haraka.

"Iko na moto."

"Tangu jana. Banasema nimupeleke hospitali, nilale naye kule." Geneviève alikuwa akiongea huku akiwatazama askari wakimpakia mumewe garini. "Na kesho njo zamu ya kupeleka chakula. Kule kama hukupelekewa, unakula ile bengine banaacha. Na deplase hapewi ata ile."

"Nitapeleka miye."

"Mama, usiseme ju ya kunifurahisha."

"Nimesema nitapeleka. Kesho, asubuhi."

Geneviève akamkazia macho, kama mtu anayepima kitambaa sokoni baada ya kuuziwa kilichopungua mara nyingi. "Anapenda sombe bila pilipili," akasema hatimaye. "Midomo yake ingali na vidonda."

Asubuhi wazee walifika mapema kuliko alivyotazamia. Kahindo alikuwa ametwanga majani ya muhogo ya sombe, ameisonga bugali, ameifunga sufuria kwa kitambaa, na alikuwa akitafuta sahani aliposikia viti vikiburutwa sebuleni. Walikuwa wajomba wa Katsuva, na mchungaji, na mama yake Moïse, macho yamevimba. Walimwita kwa upole. Upole huo ulikuwa mgumu kuvumilia kuliko kicheko cha mahakamani.

"Binti yetu," mjomba mkubwa akasema, "msiba unachanganyaka kichwa. Tunajua. Utaikala hapa katikati, utaomba musamaha kwa huyu mama, mchungaji ataomba, na wiki ijayo utarudi kwa hakimu useme ulikuwa mugonjwa. Ufunguo ya depo iko hapa. Meza yako iko pale. Hakuna mutu ataongea tena."

Ufunguo ulikuwa kweli mezani. Katsuva alikuwa ameketi mbele yake, akiugusa kwa kidole kimoja.

"Nakuja," Kahindo akasema. "Nitawasikiliza bote, ata siku muzima. Lakini kwanza nipeleke chakula."

"Chakula wapi?"

Akaileta sufuria kutoka jikoni.  Mama yake Moïse akaanza kulia kwa sauti ya chini, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Hilo nalo Kahindo alilijua, na lilimuuma.

"Mama Ketsia," Katsuva akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye tangu kesi. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Balitoka mbali ju yako. Ukipita ile mulango na ile sufuria, na bao hapa, mbele ya bote... siwezi tena kukutetea. Mutu mwingine apeleke. Kesho. Kesho kutwa."

"Nilisema asubuhi ya leo."

"Kwa nani? Kwa ule mwanamuke?"

"Nilisema, Papa Ketsia."

Akainua sufuria, akaiweka kichwani juu ya kata, akachukua sahani na kijiko, akapita katikati yao. Mjomba mkubwa aligeuza miguu kando ili kitenge chake kisimguse. Uani Fanny alikuwa akianika nguo. Alipomwona akaziacha kwenye beseni, akaingia ndani, akafunga mlango wake. Nyuma yake Kahindo alisikia ufunguo ukiondolewa mezani.

Njia ya kwenda gerezani inapita sokoni. Angeweza kuzunguka, hakuzunguka. Wauza bitenge walimwona kutoka mbali. Wengine walikunjua vitambaa ambavyo havikuwa na mteja, wengine walitazama tu. Mmoja akasema, si kwa sauti ya chini: "Anaenda kulisha muuaji ya ndugu yake." Kwenye meza yake tayari kulikuwa na bidhaa za mtu mwingine, nyanya, zimepangwa mafungumafungu.

Langoni kulikuwa na mstari wa wanawake wenye vyombo vyao. Wengi walikuwa wa kambini, wenye sandali za vumbi jekundu, na walimpa nafasi katikati yao bila kumuuliza kitu, kwa vile kila aliye kwenye mstari ule ana wake ndani. Zamu yake ilipofika mlinzi hakuinua macho.

"Ya nani?"

"Ya Fulgence. Wa Bule."

"Weye si bibi yake. Bibi yake ninamujua, ule wa mutoto."

"Mutoto iko hospitali. Amenituma miye."

"Weye ni nani yake? Dada? Shemeji?" Sasa aliinua macho, akaona kitenge kizuri, na pete, na viatu. "Bila jamaa, chakula haiingie. Ni nani yake?"

 Kahindo alijua angeweza kusema dada. Lingekuwa neno moja, na mlinzi angeliamini, na yeye mwenyewe, baada ya kulisema mara kadhaa kwenye lango hili, labda angeliamini.

"Haiko jamaa yangu," akasema. "Miye njo nilisema ni yeye. Ni miye nilimutia humu."

 Mlinzi akafungua kitambaa, akafunua sufuria, akachokoa bugali kwa kijiti chake akitafuta wembe au simu, akakuta bugali, akafunika. Akageuka akaita jina ndani.

"Ikala pale," akamwambia. "Lazima arudishe vyombo."

Kahindo akasogea kando ya lango, pasipo na kivuli, akakunja ile kata mkononi, akangoja sahani.